Kitabu chasifiwa na wote, wewe chakushinda: angalia umekwama wapi

Dada mmoja wa Likoni ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo tu:

"Asalaam aleikum mwalimu. Mie napenda kusoma tangu utotoni, navuka feri kila siku kwenda kazini na siku zote mkobani kuna kitabu. Lakini kuna vitabu maarufu kila mtu avisifu na mie vyanishinda kumaliza. One Hundred Years of Solitude nimeanza mara kadhaa, nikifika pale majina yanapojirudia nachanganyikiwa. War and Peace nimekwama kwenye ile sherehe ya mwanzo. The Alchemist ni kitabu chembamba tu, nimefika nusu nikachoka. Atomic Habits nilianza kwa mbio nikaacha katikati. Na Nagona ya Kezilahabi ndo kabisa, ni kidogo hivo lakini sielewi hata nasoma nini. Kwenye grupu letu la WhatsApp la vitabu kuna memba waniambia eti mie si msomaji wa kweli. Sasa ni miezi sijasoma chochote manake najiambia nimalize hivi kwanza. Nijilazimishe ama niache?"

Wa alaykum salaam dadangu. Hebu nianze na hiyo sentensi yako ya mwisho kabla ya swali, manake hiyo ndo imenitia wasiwasi, hayo mengine yote tutayamaliza. Miezi hujasoma kitu. Wewe ambaye mkoba wako haukosi kitabu. Yani hivyo vitabu vitano havijakudhuru hata kidogo, kuacha kitabu katikati hakujamdhuru mtu yeyote, kilichokudhuru ni ile amri uliyojiwekea mwenyewe kwamba hutagusa kingine mpaka hivi viishe. Kwa hivyo leo hii, kabla hujamaliza kusoma jibu langu kama wataka, hiyo amri iondoe. Fungua kitabu chochote unachokitamani, hata kama ni kile ulichokisoma zamani ukakipenda.

Nami najua amri yenyewe imetoka wapi, manake nimefundisha fasihi sekondari kwa muda mrefu kabla sijaanza hii kazi ya kusaidia watu kuchagua vitabu. Sisi hapa Kenya wengi wetu riwaya ya kwanza kuisoma kwa dhati ilikuwa setibuku, kile kitabu cha lazima cha mtihani. Ukiisoma wajua kuna karatasi ya tatu ya Kiswahili yakungoja, fasihi, na kila swali lina alama 20, na swali laweza kutoka sura yoyote, kwa hivyo huwezi kuruka wala huwezi kuacha. Mtihani waisha lakini ile hofu haiishi, mtu yuko na miaka thelathini na kitu, ana kazi yake na watoto wake, bado akiweka kitabu chini ahisi kama kuna mwalimu amemsimamia nyuma. Halafu kuna pesa. Vitabu ni ghali, na tangu sheria ya kodi ya VAT ya 2013 iweke asilimia 16 juu ya vitabu mambo yalizidi kuwa magumu, sasa ukishatoa pesa yako waona kuacha ni hasara. Lakini pesa ishatoka dadangu. Kujilazimisha usiku na usiku hakuirudishi, ni kuongeza hasara ya wakati juu ya hasara ya pesa.

Na uko na wenzio wengi kuliko unavodhani. 2014 kuna mwalimu wa hisabati wa Marekani, Jordan Ellenberg, aliandika kwenye gazeti la Wall Street Journal kipimo alichokibuni cha kukisia watu hufika wapi kwenye vitabu. Kwenye Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, mtu akipenda sentensi huipigia mstari, na Amazon ilikuwa yaonyesha sentensi zilizopigiwa mstari na watu wengi zaidi. Akaangalia zile tano za juu ziko kurasa gani, akatafuta wastani wake, akagawanya kwa urefu wa kitabu. Kama watu wamesoma mpaka mwisho basi mistari itasambaa kitabu kizima, kama wameacha mapema mistari yote itajazana mwanzoni. Kitabu cha Thomas Piketty cha uchumi, ambacho mwaka ule kilikuwa chauzwa kama nini, kilipata asilimia 2.4. Kile cha Stephen Hawking cha ulimwengu na nyota, cha 1988, kilichouza mamilioni, kilipata 6.6, na ndo maana kipimo akakiita kwa jina la Hawking. Halafu The Goldfinch ya Donna Tartt, kitabu cha kurasa zaidi ya 700, ilipata 98.5. Mwenyewe alisema hiyo si sayansi, ni burudani tu, lakini mie nachukua kitu kimoja hapo: unene wa kitabu si sababu. Na kuuza sana maana yake watu wengi wamekinunua, haisemi wamekisoma wangapi.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Mtu akiniambia kitabu kimemshinda simuulizi kama ni kizuri ama kibaya, namuuliza ulikwama wapi, ukurasa gani, kulikuwa kwatokea nini. Manake pale ulipokwama ndo pana jibu. Kuna kitabu kimekushinda kwa sababu hukupewa ufunguo wake, kuna kingine ulishapata ulichokifuata ukashiba, kuna ambacho wakisoma kwa mwendo usio wake, na kuna ambacho si chako tu, basi. Ukisema vyote "vimenishinda" umevitia kapu moja na wewe mwenyewe umenitajia mahali pa kila kimoja, sijui kama uliona.

One Hundred Years of Solitude umekwama kwenye majina. Hapo ni ufunguo tu, na nakusihi hiki usikiache. Gabriel García Márquez alikitoa 1967, ni vizazi saba vya familia moja, kina Buendía, na kweli wanaume karibu wote ni José Arcadio ama Aureliano, kuna kanali Aureliano mmoja ana watoto wa kiume 17 na wote waitwa Aureliano! Lakini ameyarudia majina makusudi, na mwenyewe amekuwekea alama ndani ya kitabu: Úrsula, yule bibi mkubwa wa nyumba, baada ya miaka mingi agundua kwamba kina Aureliano ni watu wa kujitenga, akili zao kali, na kina José Arcadio ni wa pupa, wa vishindo, na mwisho wao huwa na msiba. Ukishalijua hilo, jina lenyewe lakuambia mtu huyu atakuwa wa aina gani kabla hajafanya lolote. Na wewe mtu wa pwani hii isikutishe kabisa. Hebu zunguka mitaa ya Kibokoni ama Kuze hapa Mombasa, utapata nyumba ina Ali bin Mohamed bin Ali bin Mohamed, mtoto apewa jina la babu, na hakuna anayepotea, manake kuna Ali Mkubwa, kuna Ali wa Mwanaisha, kuna Ali fundi. Fanya hivo hivo. Nakala nyingi zina mchoro wa ukoo kurasa za mwanzo, upige picha na simu uwe nao, na kila mmoja mpe lakabu yako.

Jambo la pili kwa kitabu hicho, García Márquez amesema mara nyingi kwamba ile sauti ya kusimulia aliipata kwa bibi yake aliyemlea huko Aracataca, Kolombia, bibi alikuwa asimulia mambo ya ajabu kabisa kwa uso mkavu kama aeleza habari za sokoni. Kwa hivyo usikisome kama riwaya ya kutafuta nini kitatokea, kisome kama umekaa kwa bibi jioni asimulia, mvua yanyesha miaka minne, miezi kumi na moja na siku mbili na yeye hashtuki. Ukianza kuuliza "yawezekanaje" umeshatoka njiani. Wale ambao mama zao wakubwa waliwasimulia habari za majini barazani, mie nimeona wao hukiingia kwa urahisi kuliko wanaojiita wataalamu.

War and Peace umekwama kwenye sherehe, na hapo watu wengi sana hukwama, wala si kosa lako. Kitabu chaanza 1805 kwenye sebule ya Anna Pavlovna Scherer huko St. Petersburg, watu wengi waingia kwa mpigo, kila mmoja ana majina matatu na cheo na jina la nyumbani, na nusu yao waongea Kifaransa. Hapo tatizo ni mwendo. Tolstoy alianza kukitoa kwa vipande kwenye jarida kuanzia 1865, kitabu kizima kikakamilika 1869, wasomaji wa kwanza walikuwa wakipata kipande wangoja kingine. Sasa sisi twakichukua kizima twataka kukimaliza likizo moja. Kina sura 361, karibu zote fupi. Wewe wavuka feri kila siku, sura moja yatosha kungoja na kuvuka, ukienda hivo ni kama mwaka mmoja bila kujiumiza, na huku wasoma vitabu vyako vingine nyumbani. Majina nayo shika familia tano tu, Bezukhov, Bolkonsky, Rostov, Kuragin na Drubetskoy, wengine wakipita waache wapite. Na jipe mpaka pale Prince Andrei alipolala chini vitani Austerlitz atazama mbingu, mwisho wa sehemu ya tatu ya juzuu la kwanza. Ukifika pale na bado moyo hautaki, weka chini, kitabu kimekuonyesha uwezo wake na wewe umekisikiliza vya kutosha.

Zile sura za mwisho mwisho ambapo aacha hadithi aanza kuhutubia juu ya historia, unaruhusiwa kuruka. Kuna mwandishi wa Ufaransa, Daniel Pennac, naye alikuwa mwalimu, 1992 alitoa kitabu ambamo aliandika haki kumi za msomaji. Ya pili ni haki ya kuruka kurasa, ya tatu ni haki ya kutomaliza. Laiti shule zetu zingebandika hiyo orodha ukutani.

The Alchemist, hiyo yako si ya kukwama, ni ya kutopenda, na yafaa uwe na ujasiri wa kusema hivo. Najua hapa mjini kitabu hiki kiko kila mahali, wauza vitabu vya mitumba wakitandaza chini hicho hakikosi, na kuna watu kimewainua wakati wa shida, siwadharau kabisa. Kilitoka Brazil 1988 na ni kijana mchunga kondoo wa Andalusia ameota hazina iko kwenye piramidi za Misri. Lakini dadangu wewe umekulia pwani. Hadithi ya mtu aliyeota hazina ya mbali akafunga safari iko kwenye Alfu Lela Ulela, Rumi naye aliisimulia kwenye Masnavi, huenda wewe mwenyewe ulishasimuliwa ukiwa mdogo kwa kurasa mbili na ikakutosha. Halafu mwandishi wa The Alchemist, Paulo Coelho, kila hatua akueleza maana yake kabla wewe hujaitafuta, na kuna wasomaji, mie nadhani wewe ni mmoja wao, ambao wakishaelezwa maana hawana tena cha kufanya ndani ya kitabu. Mpe mtu mwingine. Usikirudie.

Atomic Habits ndo rahisi zaidi ya vyote, hiyo hukuiacha, uliimaliza kazi yake. Wazo la James Clear ni moja: badilisha kidogo kidogo, na tabia ifanye ionekane, ivutie, iwe rahisi, iridhishe. Ukishazielewa hizo kanuni nne kilichobaki ni mifano. Vitabu vya aina hiyo, vya pesa na biashara na kujiendeleza, vingi viko hivo, hakuna mtu ataka kujua mwishoni nani amemuoa nani. Kiweke karibu na siku wataka kuanza jambo fungua sura inayokuhusu. Hiyo ni kusoma kamili.

Nagona sasa. Hapa naomba nikae kidogo manake kitabu hiki nakipenda na naumia kuona watu wakitupa wakidhani wao ni wajinga. Euphrase Kezilahabi alikitoa 1990, na mwaka uliofuata akatoa Mzingile, na vyote viwili ni vyembamba kabisa. Watu huona wembamba wadhani ni cha kusoma mchana mmoja. La. Kezilahabi alipoandika Rosa Mistika 1971 alikuwa asimulia kama tulivyozoea, kuna msichana, kuna baba mkali, kuna mji, jambo hili lazaa lile. Kisha 1974 akaja na Kichwamaji, mtu asiyejua maisha yana maana gani, na Dunia Uwanja wa Fujo 1975. Kila kitabu alikuwa auliza swali zito zaidi, mpaka akafika mahali ile riwaya ya kawaida ikawa haiwezi tena kubeba swali lake, akaivunja. Nagona ni safari ya kutafuta ukweli ambayo yaenda kama ndoto, mahali pageuka, watu watokea na kupotea, na mazungumzo ni ya kifalsafa. Sasa wewe umekiingia kutoka barabarani bila kupitia mlango, utaelewaje? Anza na Kichwamaji. Ukimaliza hiyo, na hiyo utaimaliza nakuhakikishia, ndo urudi Nagona, na usiisome kwa kuuliza hadithi ni nini, isome kipande kimoja usiku mmoja, kwa sauti ukiweza, uache picha zikae. Mwandishi huyu ndo huyohuyo aliyetuletea mashairi huru kwa Kichomi, 1974, na hapa Mombasa, mji wa malenga Muyaka, tuliolelewa na vina na mizani, wengi walikasirika sana na mpaka leo kuna wazee hawataki kusikia. Kwa hivyo hata ile kusitasita kwako ina historia yake, sikio letu limefundishwa kungoja mpangilio na huyu bwana hautoi. Ukijaribu kwa njia hiyo bado hutaki, sawa, umekataa ukijua unakataa nini.

Kuna kanuni moja watu hupenda kuniuliza, ya Nancy Pearl, mkutubi wa Marekani aliyekuwa Seattle. Yeye asema kila kitabu kipe kurasa 50, ukipita miaka 50 ya umri toa umri wako kwa 100 ndo kurasa unazodaiwa, yani mama wa miaka 60 adaiwa 40 tu. Naipenda kwa kuwapa watu ruhusa, na ile heshima ya kwamba mtu mzima wakati wake ni adimu. Lakini mie siitumii sana kwa sababu yahesabu kurasa bila kutazama kilichoko pale, kurasa 50 za Nagona ni karibu kitabu chote, na kurasa 50 za War and Peace hata wageni hawajamaliza kuingia sebuleni.

Kuhusu hao wa grupu. Sijui ni kina nani na sitaki kuwasema vibaya, lakini msomaji hapimwi kwa orodha ya alivyomaliza. Mtu ambaye aweza kuniambia, kama wewe ulivoniambia, kitabu hiki niliacha pale na hiki niliacha pale, huyo alikuwa asoma kwa makini. Nimekaa na watu wamemaliza vitabu mia na ukiwauliza ni nini kilichowagusa watazama juu. Wakikuuliza tena, waambie ukurasa uliokwama na uwaulize wao pale walipitaje, utashangaa mazungumzo yatakavyokuwa matamu, na pengine utajua ni nani hakufika hata hapo.

Vitabu vya kuanza upya, nikizingatia unayoyaandika, ningekupa viwili. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, 1999, Unguja ya wakati wa mkoloni, Yasmin msichana wa Kihindi ameozwa mwanamume mkubwa wa kumzidi mbali, na hiyo jiandae kukosa usingizi. Na The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, ya 2021, ni mwandishi wa hapahapa Mombasa, msichana Aisha aingia baharini kumtafuta babake mvuvi, chombo chake ni cha mifupa na mwenzake ni paka anayesema. Kiingereza chake ni kizito mahali mahali, kimejaa picha, lakini mji utautambua, na ukishazoea ile namna ya ajabu kuwa jambo la kawaida, kina Buendía watakuwa jirani zako tu. Kabla ya kununua pitia kwanza maktaba ya umma pale Tononoka uulize, kitabu cha kuazima waweza kukirudisha nusu bila moyo kukuuma.

Kwa hivyo Kichwamaji ama Vuta N'kuvute sasa hivi, kile kikubwa cha Tolstoy kiwe cha feri, Márquez ukae naye mwezi ambao huna haraka. Ukikwama tena niandikie, lakini usiniambie kimekushinda, niambie ukurasa.